Sauti Aliyoichagua Mama

Amplifaya ya baba ilikufa Jumamosi mchana kwenye harusi moja pale Magomeni, Kilosa, wakati bibi harusi anatolewa ndani. Haikulipuka. Ilitoa harufu ya vumbi linaloungua, ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Baba aliendelea kupiga gitaa lake kwa muda kabla hajagundua kuwa hakuna anayemsikia. Mimi nilikuwa pembeni yake na gitaa la pili, nimelichomeka kwenye spika ndogo ya kuazima, nikaongeza sauti ili wimbo usikatike. Bibi harusi alitoka, watu walipiga vigelegele, na nadhani ni sisi wanamuziki tu tuliojua kwamba kitu kimeondoka.

Ile amplifaya ilikuwa ya zamani kuliko mimi. Baba aliipata kwenye klabu ya shamba la mkonge, ambako baba yake alikuwa amekuja kukata mkonge akitokea mbali na hakurudi tena kwao. Zamani hizo shamba lilikuwa na bendi yake, na ukumbi wake wenye sakafu ya saruji na paa la bati, na kila mwisho wa wiki watu walicheza. Shamba lilipodorora, bendi ikavunjika, vyombo vikagawanywa, na baba, aliyekuwa mpiga solo, akaondoka na amplifaya. Ilibebwa na watu wawili. Ndani ilikuwa na zile taa za kioo ambazo mafundi redio waliziita valvu, nazo zilitakiwa zipate moto kwanza ndipo sauti itoke. Baba aliiwasha, akaenda kunywa chai, akarudi kupiga.

Miaka mingi fundi mmoja wa Morogoro aliiweka hai kwa kuipachika valvu alizozitoa kwenye redio kuukuu. Lakini sasa milango ya biashara ilikuwa imeshafunguliwa tangu enzi za ruksa. Maduka yalikuwa yamejaa redio mpya nyepesi, kaseti, runinga, vitu vya kila rangi kutoka Dubai, na watu walikuwa wameshatupa redio zile za mbao zenye taa ndani. Nilipompelekea fundi amplifaya, aliifungua, akaitazama kwa heshima kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyemfahamu, akasema hana cha kuweka. Alitafuta kwenye makopo yake yote mbele yangu. Baadaye akanishauri nimwambie mzee aipumzishe.

Nilimwambia. Baba alisema, "Basi," akaifunika kitambaa, ikawa meza ya kuwekea taa chumbani.

Wakati huo mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimerudi kuishi kwa wazazi kwa sababu ya mama. Presha ilikuwa imemwangusha miezi michache kabla. Alipona kiasi, lakini upande mmoja wa mwili ulikuwa mzito, na kelele zilimuumiza kichwa. Daktari alisema apate utulivu. Kwa hiyo baba, ambaye tangu nizaliwe alikuwa akipiga gitaa kila jioni barazani, aliacha kupiga nyumbani. Hakuna aliyemwambia aache. Alilitundika gitaa ukutani, akawa anakaa na mama, na alipiga kwenye harusi na shughuli tu. Amplifaya ilipokufa, hata hizo zikakoma.

Bendi yetu ilikuwa ya watu wanne: baba kwenye solo, mimi kwenye gitaa la pili, la ridhim, mpiga ngoma ambaye alikuwa seremala, na mpiga besi aliyekuwa akinunua mpunga Mvumi na Magole na kuuza mchele mjini. Huyu mpiga besi ndiye aliyekuwa na gari, na ndiye aliyetuletea habari kwamba hoteli moja ya Mikumi, kando ya barabara kuu, inataka bendi ya kupiga kila Jumapili mchana. Watalii waliotoka mbugani walisimama pale kula, na madereva wa malori yaendayo Zambia pia. Mwenye hoteli alikuwa na mikseri ya kuchanganyia sauti na spika mbili kubwa za waimbaji. Amplifaya za gitaa hakuwa nazo.

"Tukipata ya mzee, nyingine tutaungaunga," mpiga besi aliniambia. "Lakini bila solo ya mzee hatuna bendi."

Tulichanga, na likizo ya shule ilipofika mimi na yeye tukapanda basi kwenda Dar es Salaam.

Kariakoo tulizunguka maduka ya vyombo vya muziki tangu asubuhi. Nilikwenda nikiwa na wazo moja kichwani: amplifaya, kubwa, nzito, ya mbao, inayofanana na ile. Nilizikuta. Zilizokuwa nzuri zilikuwa za valvu, na nilipouliza valvu za akiba zinapatikana wapi, muuzaji alitazama juu. Zilizokuwa rahisi zilitoa sauti kavu, kama mtu anaongea huku ameziba pua. Nilizijaribu moja baada ya nyingine, na kila moja nilimfikiria baba akiipiga mara moja na kushukuru kwa adabu.

Kwenye duka la mwisho muuzaji alikuwa kijana mtulivu aliyetuacha tujaribu bila kutuharakisha. Alipoona nasitasita alitoa kabatini kitu chenye ukubwa wa Biblia ya kanisani, cha chuma, kina vifundo vinne na pedali mbili za kukanyaga. Alikiita prosesa.

"Dada, humu ndani mna amplifaya nyingi," alisema. "Si zenyewe, ni tabia zake. Waliotengeneza walisikiliza kila amplifaya inavyoimba, wakakifundisha hiki kuiga."

Mpiga besi alicheka. Mimi nilichomeka gitaa. Muuzaji alikanyaga pedali, na gitaa likanguruma. Akakanyaga tena, likalia kama liko kwenye handaki. Tena, likatetemeka kama maji. Kila sauti ilikuwa na namba yake, iliyowaka nyekundu kwenye kidirisha. Mpiga besi alifurahi sana. Alikiona kingine chenye sauti maradufu ya hizo, akanishika mkono akitaka tukichukue hicho.

Nilimwambia asubiri. Nilichojua kuhusu muziki wetu ni kwamba gitaa la solo linataka kuwa safi. Nota zake ziko nyingi na ziko karibu karibu, ukizipaka ukali zinagandamana kama wali uliozidi maji. Kwa hiyo niliziruka zote zilizonguruma nikatafuta zilizo safi, nikafumba macho, nikapiga kipande kilekile cha sebene kwenye kila moja. Kile kisanduku chenye sauti nyingi kilikuwa na tatu safi, na zote zilikuwa na kitu cha kioo kioo kinachochoma sikio. Kile cha kwanza kilikuwa na chache pia, lakini moja nilipoipiga taratibu ilikuwa laini, na nilipoipiga kwa nguvu ilikwaruza kidogo tu pembeni. Ilisikia mkono. Hapo nikaanza kuuliza maswali ya kununua.

Niliuliza kama umeme ukikatika sauti ulizoziweka zinafutika. Muuzaji alichomoa waya, akauchomeka tena, sauti zote zikawa bado zimo. Nilikitoa nje mlangoni, juani, nione kama namba zinasomeka. Zilisomeka kwa shida, nikaweka kivuli cha mkono zikaonekana. Mpiga besi, ambaye sasa alikuwa amekubali kuwa makini, aligeuza adapta akasoma maandishi ya nyuma akagundua ni ya umeme wa volti mia moja na kumi. Ingeungua siku ya kwanza. Muuzaji aliomba radhi, vitu vile vilikuja vimetumika kutoka nje na havikuangaliwa vyote, akatafuta adapta inayofaa umeme wetu na kutuwashia tuone.

Nilikuwa bado sijaamua. Nilikuwa nakigeuza tu mkononi ndipo nikaona, nyuma, kando ya tundu la kwendea kwenye mikseri, tundu jingine dogo lenye picha ya hedifoni.

"Hapa mtu anasikiliza peke yake?" niliuliza.

"Peke yake kabisa," muuzaji alisema. "Hata mkewe akiwa amelala pembeni."

Nilinunua, na hedifoni nikanunua.

Nyumbani baba alikipokea kile kisanduku kwa mikono miwili, akakigeuza, akabonyeza kifundo, akakiweka mezani juu ya kitambaa kilichofunika amplifaya.

"Hiki ni kikokotoo, mwanangu," alisema.

Nilimweleza alichonieleza muuzaji. Alisikiliza yote. Aliuliza sauti inatokea wapi, nikamwambia inatoka kwenye spika za hoteli, kisanduku chenyewe hakina spika. Akauliza kama kinapata moto. Nikasema hakipati. Alitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa, ila kama mtu aliyeelezwa ugonjwa asioufahamu. Kisha akanishukuru kwa safari, akasema atakitazama.

Wiki nzima hakukigusa. Mpiga besi alikuwa akija kuuliza, nami nikimjibu kuwa mzee anakitazama. Tulikuwa tumeshamwahidi mwenye hoteli.

Siku moja nilitoka shule mchana nikakuta nyumba kimya. Nilipiga hodi, hakuna aliyejibu. Nilipofika mlango wa chumba cha wazazi nilisikia mlio mdogo sana, tik, tik, tik, kama kuku anadonoa mchele kwenye ungo. Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, gitaa pajani, hedifoni masikioni, macho amefumba. Nyuzi za gitaa la umeme zisipochomekwa kwenye spika hazina sauti zaidi ya hiyo. Mama alikuwa amelala ubavu, mto umemwinua, anavitazama vidole vya baba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alinong'ona, ingawa baba hakuweza kutusikia. "Ameanza tangu nimekula. Sasa hivi anapiga ule wa mvua. Kabla yake alipiga ule wa mwisho wa dansi, wa kuwaaga watu."

Nilimuuliza amejuaje, kama anasikia.

"Sisikii kitu. Naona vidole."

Nilikaa kwenye kigoda. Sikuwahi kujua kuwa mama anaweza kusoma vidole vya baba. Yeye alikuwa mtoto wa milimani, wa ukoo wa Kisagara uliosoma shule za misheni, na watu wa kwao hawakupenda aolewe na mpiga gitaa wa shamba la mkonge. Kanisani aliimba sauti ya tatu. Kwenye dansi hakucheza. Nilidhani muziki wa baba kwake ulikuwa kazi ya mume wake tu, kama wengine walivyokuwa na waume wanaofanya kazi reli.

Baba alifumbua macho akatuona tunamtazama. Alivua hedifoni kwa aibu kidogo, akanisalimu, akasema sauti ya namba aliyoifikia ni ya paka. Nilicheka. Nilimwonyesha namba ya ile sauti safi niliyoipenda dukani, akapiga, akasema hii angalau ni ya mtu, lakini si yake. Yake ilikuwa nene zaidi. Nikageuza kifundo cha besi, akasema sasa imekuwa na matope. Tukahangaika hivyo, mimi nikigeuza, yeye akipiga na kukataa, hadi mama akasema kutoka kitandani:

"Nipe nisikilize."

 Baba alihofia kichwa cha mama. Mama akasema tukipunguza sauti haitamuumiza, na kwamba kichwa ni chake. Nilishusha sauti karibu na mwisho, baba akamvika hedifoni mwenyewe, akizisogeza nywele zake taratibu kwa upande ule mzito. Akapiga kipande kifupi cha ule wimbo wa mvua.

 Midomo ya mama ilisogea kidogo. Halafu akasema, kwa sauti kubwa kama wanavyosema watu waliozibwa masikio, "Iko karibu mno."

Hatukumwelewa. Akafafanua. Yeye amplifaya ile hakuwahi kuisikia akiwa mbele yake kama baba. Miaka yote ile ya klabu alikaa nje, kwenye ngazi za mlango wa nyuma, kwa sababu kwao walimkataza kuingia dansini. Hata baada ya kuolewa aliendelea kukaa palepale, ameshazoea. Kwa hiyo sauti ya baba aliyoijua yeye ilikuwa imepita ukumbini kwanza. Ilikuwa imegonga saruji na bati na watu, ikamfikia imechelewa kidogo na imelainika.

"Hii ni gitaa," alisema. "Ile ilikuwa gitaa na nyumba."

Baba aliweka mkono juu ya nyuzi akazinyamazisha, ingawa zilikuwa kimya. Nadhani na yeye hakuwa amewahi kuulizwa wala kuuliza mama alikuwa anasikia nini kule nje.

Nilichukua kijitabu cha maelezo kilichokuja na kisanduku, nikatafuta. Kumbe kulikuwa na sehemu nzima ya mambo hayo, ya kuiga vyumba: chumba kidogo, ukumbi, kanisa, pango. Nilijaribu kanisa, mama akatikisa mkono, hapana, hapo tumekuwa wengi mno. Nilijaribu ukumbi nikaupunguza ukubwa, akasema subiri. Nikapunguza ule ukali wa juu, kama ambavyo mlango ukirudishwa unakata makali ya sauti. Nikaongeza mwangwi mmoja mfupi, wa karibu sana, usiosikika kama mwangwi bali kama unene. Baba alikuwa akipiga kipande kilekile bila kuchoka. Yeye sasa hakusikia chochote. Alikuwa anamtazama mama usoni, na mimi pia.

"Hapo," mama alisema. "Usiguse."

Nilihifadhi sauti hiyo kwenye namba ya mbali kidogo, mbele ya zile tulizozikuta, nisije nikaifuta kwa bahati mbaya. Baba alivaa hedifoni, akapiga, akatulia. Alisema haifanani na amplifaya yake. Halafu akaendelea kupiga, na sikumsikia akisema tena neno kikokotoo.

Tangu siku hiyo gitaa lilirudi. Kila alasiri baba alikaa kitandani na kumpigia mama, hedifoni zikihama kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Nikirudi nilikuta ama yeye anatabasamu peke yake, ama mama.

Jumapili ya kwanza ya Mikumi tuliondoka alfajiri kwa njia ya kijiji cha Ulaya. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, na nilishukuru kwamba amplifaya haiko nyuma ikipigwapigwa. Kisanduku kilikuwa kwenye mkoba wangu, juu ya magoti. Mama alibaki na dada yake, aliyekuja kumtazama.

Hoteli ilikuwa na bustani yenye meza chini ya makuti, na ng'ambo ya barabara malori yamepangana. Tulichomeka kisanduku kwenye mikseri, baba akapiga nota ya kwanza, na ikatoka sauti kali, nyembamba, kama bati linakatwa kwa msumeno. Baba alinitazama. Sikuelewa. Ilikuwa namba ileile, sikuwa nimegusa kitu. Nilikaa chini na kijitabu huku wahudumu wakipanga sahani, nikasoma tena nilichokuwa nimekiruka. Sauti unayoitengeneza masikioni, kwenye hedifoni, haiwi ileile ikitoka kwenye spika kubwa mahali pa wazi. Spika za hoteli zilikuwa za waimbaji, zilisukuma mbele yale makali yote ya juu ambayo hedifoni zetu za bei poa hazikuyatoa. Nikapunguza tena juu, nikaongeza katikati, nikatembea hadi meza za mwisho huku baba akipiga, nikarudi nikapunguza tena. Ukumbi niliupunguza pia, kwa sababu spika zile zilisikika mbali na mwangwi ulituvurugia ngoma. Haikuwa sauti ya mama kamili, lakini ilikuwa ndugu yake.

Tulipiga vizuri. Watalii walikula wakitikisa miguu. Madereva walikuja kusimama kwenye uzio.

Katikati ya wimbo wa nne au wa tano umeme ulikatika. Mpiga ngoma aliendelea peke yake, kama tulivyokubaliana, na mpiga besi akapiga makofi na kuwashirikisha watu, hadi tukasikia jenereta linakohoa nyuma ya jiko. Baba akaingia na solo yake kwa nguvu, na kilichotoka hakikuwa solo. Kilikuwa ngurumo. Kisanduku kilipozimika na kuwaka kilikuwa kimerudi kwenye namba ya kwanza, ile aliyoikanyaga muuzaji dukani, na gitaa la baba likavuma kama lori linapanda mlima kwa gia ndogo. Mtalii mmoja aliweka uma chini. Mimi niliganda na mguu hewani, sikumbuki hata pedali ipi inapanda na ipi inashuka.

Baba hakuacha. Aliisikiliza ile ngurumo, akaacha zile nota nyingi, akashika moja, ndefu, akauvuta uzi mpaka ikalia. Kisha akashika nyingine. Madereva kwenye uzio walipiga miluzi. Nami kufikia hapo nilikuwa nimepata akili, nikakanyaga pedali, nikipita namba moja baada ya nyingine, paka, handaki, maji, hadi nikafika kwetu, na wimbo ukarudi kwenye njia yake.

Jioni tulirudi kwa njia ileile. Tulipofika karibu na Ulaya baba aliyekuwa mbele na mpiga besi aligeuka akaniuliza, "Ile iliyonguruma ni namba ngapi?"

"Ya kwanza, baba. Nitaiondoa pale, nitaweka yetu."

"Weka yetu pale," alisema. "Lakini ile usiitupe."

Tulipiga Mikumi Jumapili nyingi. Nilijifunza kukitumia kisanduku kwa makosa ya namna ile: kuweka sauti tunayoitegemea mwanzoni kabisa, kutengeneza ya hedifoni na ya spika kila moja kwa namba yake, kuzikinga namba kwa kivuli cha karatasi saa za jua kali, kubeba adapta kwenye mfuko wangu mwenyewe na si kwenye gari. Nilijifunza pia kuwa kila kitu ukikiongeza, kingine kinapungua, na kwamba mara nyingi dawa ya sauti mbaya ni kuondoa.

Mama alipopata nguvu za kutembea kwa fimbo tulianza kwenda naye. Kwanza tulimwekea kiti karibu na jukwaa, akakataa. Kabla wageni hawajafika, baba alipiga na mama alitembea polepole kutoka meza hadi meza, akisimama kila mahali na kuinamisha kichwa. Mkono wake mzima ulitupa ishara: kiganja chini, punguza; vidole viwili vikikaribiana, kata makali; ngumi, hapo hapo. Mpiga besi aliyeanza kwa kumwonea huruma akaishia kumsubiri. Siku moja mama alikosa kuja kwa sababu ya mvua, na tulipomaliza mpiga besi alilalamika njia nzima kuwa besi yake ilikuwa na matope na hakuna mtu aliyemwambia.

Hoteli ilipouzwa, mmiliki mpya alileta mashine ya kucheza diski na kutuambia kwa upole kuwa wageni wake wanataka muziki wa sasa. Hatukugombana naye. Seremala alirudi kwenye mbao zake, mpiga besi aliongeza gari la pili na hakuwa tena na Jumapili. Mimi nilipeleka gitaa langu kanisani, na huko nipo hadi leo.

Baba alibaki na kisanduku. Siku moja ya likizo aliniita chumbani akaniambia nimtafutie sauti ambayo hajawahi kuisikia. Nilimuuliza iweje. Alisema kama angejua iweje, angekuwa ameshaisikia. Tulikaa alasiri nzima. Tulianzia kwenye ile ngurumo, tukaivua ukali hadi ukabaki mvumo tu kwa chini, tukaipa mwangwi mrefu unaojibu taratibu, na baba akalazimika kupiga nota chache ili zisikanyagane. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa wakati huo. Sauti ile ilimfaa, kwa sababu ilimpa muda.

Siku zilizofuata alikuwa akiitumia peke yake, hedifoni masikioni, na mama alipomtazama vidole alisema haujui wimbo huo. Hatimaye baba alichomoa hedifoni, akaniomba niunganishe kwenye redio kaseti ya sebuleni, kwa sauti ndogo. Mama alikuwa anachambua mchicha mlangoni. Aliweka sinia chini, akasikiliza.

"Huo ni wa nani?" aliuliza ulipoisha.

"Wangu," baba alisema.

Mama alifikiri kidogo. Akasema mwanzo ni mzuri, lakini pale katikati anakaa mno mahali pamoja, mtu anaanza kuwaza mambo mengine. Baba aliupiga tena kuanzia mwanzo, na safari hii akapaharakisha.